Semeni Binti Hawa

Jumanne, 9 Machi 1971

Zamu ya asubuhi kwenye mitambo ya simu. Laini ya Pemba mbovu tena na watu wananigombeza mimi, kama kwamba waya nimeukata kwa mkono wangu. Nimetoka saa nane. Foleni ya sukari. Ratili moja kwa nyumba. Nimerudi, viatu mlangoni vimepungua, maana matanga yameanuliwa jana. Godoro la Bibi limekunjwa. Nilijua hayupo, nikachungulia vilevile.

Naandika jambo moja nisije nikajidanganya baadaye. Jumamosi, Bibi ameshaoshwa, ameshavishwa sanda, jeneza liko ukumbini, kaka yangu Haji akaja mpaka kwenye pazia la chumba cha wanawake. Ametumwa na Maalim. Akauliza kama wanavyouliza siku zote: "Bi Asha mama yake nani?" Maana kaburini Maalim husoma talkini, na maiti huitwa kwa jina la mama yake, si la baba. Huitwa, akakumbushwa majibu ya kuwapa malaika. Wanaume hawayajui majina hayo. Ni kazi yetu sisi kuyajua.

Mama Mkubwa ndiye binti mkubwa wa Bibi. Sote tukamtazama yeye. Akafumbua mdomo, akaufumba. Kisha akasema, "Semeni binti Hawa."

Binti Hawa husemwa kwa asiyejulikana mama. Maiti aliyeokotwa pwani. Mgeni aliyefia msikitini. Si Bi Asha binti Juma, aliyezaliwa mtaa huu wa Kiponda, akaolewa Kiponda, akafa Kiponda. Kuna mwanamke nyuma yangu aliguna. Nilimsikia.

Mama Mkubwa anajua. Anaficha.

Alkhamisi, 11 Machi

Nimemwuliza. Alikuwa anachagua mchele. Akasema, "Zuhura, maiti hasumbuliwi." Nikauliza tena. Akanipa ungo nichague mimi, akaenda kusali. Adhuhuri ilikuwa bado.

Jumapili, 14 Machi

Mama Mkubwa amekwenda kuhani msiba Mkunazini. Nimepanda kiti, nikaushusha msahafu mkubwa ulio juu ya kabati. Kurasa za nyuma ndiko wazee walikoandika vizazi vya nyumba hii. Wino umegeuka rangi ya chai. Nimeutafuta mstari wa Bibi, nikauona. Mkono wa baba yake, Juma, aliyekuwa fundi cherehani: amezaliwa mwanangu Asha, mama yake Mariamu binti Abdallah.

Basi jina lipo. Lilikuwa juu ya kabati siku zote.

Nimetafuta lini alizaliwa huyo Mariamu. Hakuna. Lini alikufa. Hakuna. Wote walioandikwa mle wanazaliwa na kufa, yeye anazaa tu. Na hilo binti Abdallah nalijua maana yake mjini hapa. Hupewa aliyesilimu, na aliyeachwa huru, asiye na baba wa kutajwa. Sasa ndiyo nafahamu. Nyumba hii imejitia Ushihiri, Uarabu wa Shihiri, tangu nina akili. Siku hizi, tangu Mapinduzi, kila mtu anamtafuta bibi yake wa bara amweke mbele barazani, na Mama Mkubwa bado wake anamfungia ndani. Hata kaburini.

Nina hasira. Bibi alinilea mimi tangu mama yangu Salma alipokufa. Hakunifundisha kumkana mtu.

Ijumaa, 19 Machi

Baada ya sala nimekwenda kwa Maalim, chuoni kwake anakosomesha Kurani. Nimemwamkia, akaitikia, akanipa mkeka. Nikamwuliza kama Bibi amedhurika kwa kuitwa vile. Akafikiri. Akasema, "Mungu anamjua kila mja na mamaake. Sie ndio tusiojua." Talkini hairudiwi, akasema. Lakini siku ya arubaini kuna hitima, na kwenye dua Bibi atatajwa. "Nleteeni jina la haki siku hiyo, ntamtaja nalo."

Nikamwambia Mariamu. Akatikisa kichwa. Siku ya maziko alimsikia mzee mmoja akilitaja jina hilo njiani, akamtuma Haji arudi kuuliza. Mama Mkubwa alimkatalia mlangoni. Alisema hilo si jina la mama yake Bibi.

Si jina lake? Limeandikwa na mumewe.

Nilipokuwa navaa viatu Maalim akaniuliza kama bado niko kwenye simu. Nikasema bado. Akasema vizuri, na hakusema tena kitu. Wote huniuliza hivyo, kisha hunyamaza. Wanadhani nina sikio la kila nyumba. Laiti ningekuwa nalo la nyumba yangu.

Arubaini ni Jumatano ya tarehe 14 mwezi ujao.

Jumatatu, 22 Machi

Mama Mkubwa ametoka adhuhuri na kikapu. Alisema sokoni. Amerudi magharibi bila samaki, bila mboga. Viatu vimeganda udongo mwekundu. Kutoka hapa mpaka sokoni hakuna udongo mwekundu.

Mkebe wa sukari umeshuka. Mimi huweka alama ya kalamu ndani ya mkebe. Ndivyo nilivyo.

Nimewaza mabaya. Mwezi uliopita watu wa nyumba ya tatu waliitoroka nchi bila kuaga, vikombe vya chai vikabaki mezani. Watu husema huanza hivyo, kidogo kidogo, sukari leo, mchele kesho, nguo mbilimbili. Kama anaondoka, anaondoka na jina la Bibi. Na ananiacha mimi hapa peke yangu na kabati na msahafu. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, na sitaki kulifikiri.

Jumatano, 31 Machi

Ametoka tena. Sukari tena. Udongo ule ule. Mvua ya masika imeanza.

Simsemeshi. Ananisemesha kwa kupitia paka. "Paka, mwambie huyo wali uko jikoni." Nimekula.

Jumapili, 4 Aprili

Mwenzangu wa zamu ni Mkristo. Aliomba nimshikie zamu kwa saa moja, aende kanisani, leo ni siku yao ya kubeba makuti. Nikamshikia. Narudi nyumbani, Mama Mkubwa naye ndiyo kwanza anaingia, amelowa, kikapu mkononi. Akaenda kutawadha. Nikafunua kikapu. Naam, nimefika huko.

Ndani: kanga mbichi. Karatasi ya sukari, tupu. Na msalaba mdogo wa ukuti wa kijani, umesukwa vizuri, umewekwa pembeni usivunjike.

Nimeurudisha ulipokuwa. Mama Mkubwa asiyekosa hata sala ya dhuha ana msalaba kikapuni. Nimekaa kitandani nikaunganisha. Makuti, kanisa, udongo mwekundu, gari la shamba la kusini. Mbweni. Kule misheni ya zamani ilikowalea watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa.

Anakwenda kumfunika vizuri zaidi, huyo Mariamu. Ana mtu kule anayejua, anamziba mdomo kwa sukari yetu.

Jumanne, 6 Aprili

Siku yangu ya mapumziko. Nimemwambia Mama Mkubwa nakwenda kwa Haji, kwake Amani. Nimepanda gari la Mbweni. Sasa sote wawili waongo.

Mtunza kanisa ni mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi. Kitu cha kwanza akauliza ninatoka ofisi gani. Nikasema sina ofisi, ninamtafuta mama yake bibi yangu, labda alilelewa hapa, aliolewa na Juma fundi cherehani wa Kiponda. Hakuniamini. Akataka kuona mikono yangu, sijui kwa nini. Nadhani alikuwa anatafuta wino wa karani. Mwishowe akafungua sanduku na kutoa kitabu cha watoto waliopokewa, akakiweka mbali na mimi, akasoma yeye. Alisoma taratibu sana. Nilitaka kumnyang'anya.

Yupo. Marta. Mtoto wa kike, kiasi ya miaka saba. Ametolewa jahazini na wenzake. Mnyamwezi. Baba hajulikani. Mama hajulikani. Amefundishwa kushona. Ameondoka, ameolewa na Juma, mshona nguo, Mwislamu wa mjini.

Ni hayo tu. Mistari miwili ya kitabu. Nilimwomba asome tena. Miaka saba, hana mama wa kuandikwa. Huyu naye alikuwa binti Hawa. Huku Marta, kule Mariamu, na majina yote mawili alipewa na watu waliomkuta tayari anajua kutembea na kusema. Basi kabla ya hapo alikuwa akiitwa nani? Mama yake akimtaka aje kula alikuwa akiita vipi? Sikuwahi kufikiri hivyo kabla ya leo. Nilikuwa nashughulika na Mama Mkubwa tu.

Mzee akafunga kitabu. Akasema, "Wewe wa pili. Yule bibi wa baibui nshamsomea mwezi uliopita. Sasa huenda kule kwa Bibi Agnesi." Akanionyesha nyumba.

Bibi Agnesi makamo yake kama Bibi. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, mlangoni. Dirishani kuna chupa ya sukari. Niliitambua sukari yetu, kama mtu anaweza kutambua sukari. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba na hakuacha kukuna. Kisha akasema, "Na wewe umekuja kutaka jina. Mwambie mwenzio sijui. Sukari nnakula, lakini sijui." Akaingia ndani na kufunga mlango.

Nimesimama pale mpaka mvua ikanipata. Mtu hanunui kwa sukari kitu alicho nacho. Mama Mkubwa haendi Mbweni kuficha. Anatafuta.

Sasa simwelewi kabisa.

Alkhamisi, 8 Aprili

Jana nilishindwa. Leo nimechukua mkebe wa sukari, nikauweka mbele yake, wazi. Sikusema neno. Aliutazama mkebe, akanitazama mimi. Akakaa chini sakafuni, yeye ambaye magoti yake hayamruhusu.

Nimeandika kama alivyosema, nilivyoweza kushika.

Alipokuwa na mimba yake ya kwanza, Bibi alimwita jikoni, akamwambia jina. Ndivyo linavyokwenda, mama kwa binti mkubwa, mdomo kwa sikio, kwa ajili ya siku ya talkini. Bibi alimwambia: mama yangu aliitwa Marta na Wazungu, akaitwa Mariamu na wakwe zake, yote aliyaitikia kwa adabu. Lakini jina alilopewa na mama yake ni hili hapa, na nikifa niiteni kwa hili.

"Na mie nlikuwa mjinga wa miaka ishirini, Zuhura. Nlikuwa nnataka kuwa Mshihiri. Jina la bara nlifanyie nini? Liliingia huku, likatoka huku." Alijigusa sikio moja, kisha la pili.

Miaka yote hakulitafuta. Mwaka huu Bibi alipolala kwa maradhi akamwuliza, umelishika jina la mama? Akajibu nimelishika. Aliona haya kuuliza. Kila siku akisema kesho nitamwuliza. Ijumaa usiku Bibi akaacha kusema. Jumamosi Haji yuko kwenye pazia. "Nkafungua mdomo, hamna kitu."

Mariamu asingeweza kumtaja, Bibi alishamkataza. Akasema Hawa.

Nimemwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema, "Kazi yako wewe ni kusikiliza watu." Hakusema kwa ubaya. Kumbe alikuwa ameweka uzi mweusi juu ya msahafu, na akajua siku ile ile kwamba nimeushusha. Alidhani ninakusanya mambo ya nyumba nikaandikishe mahali. Mimi nilidhani anatoroka. Tumekaa mwezi mzima chini ya dari moja, mmoja na uzi, mwingine na kalamu.

Na msalaba? Alipewa na Bibi Agnesi, hakuweza kumrudishia mtu mzima zawadi yake usoni. Hakuweza kuutupa pia. Uko ndani ya kikapu hadi leo.

Nilikuwa na hasira tele na sikuwa na pa kuiweka tena. Tumelia. Paka ametukimbia.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimebadilishana zamu. Tumekwenda Mbweni pamoja. Sukari imekwisha, tumechukua mkate wa mofa na samaki wa kukaanga.

Bibi Agnesi alifungua nusu ya mlango, ya juu. Akatutazama sote wawili. Akasema leo mmekuja na jeshi. Alisema alishakuja mtu mwingine kabla yetu, mwaka juzi, kutafuta ukoo wa Kinyamwezi wa kumfaa apewe shamba la serikali. Alimpa kahawa, akamsimulia yote, na yule hakurudi hata kumjulia hali. Kwa hivyo sisi hatuambii kitu.

Nikaona Mama Mkubwa anataka kuzungumza juu ya hali ya hewa. Nikamshika mkono. Ndipo akasema. Alisema huku amesimama mvuani, uso wazi: mama yangu amezikwa, ameitwa binti Hawa kama maiti asiye na mtu, kwa sababu mimi niliambiwa jina la bibi yangu nikalitupa. Keshokutwa ni arubaini yake.

Bibi Agnesi aliushika mlango kwa mikono miwili. Kisha, "Mwezi mzima unanletea sukari, hukunambia kama ni la kaburini."

"Nliona haya."

"Haya," akasema, na akafungua nusu ya chini.

Ndani kukavu. Tukakaa. Akauliza kama tunamjua yeye ni nani. Mama Mkubwa akasema Bibi Agnesi. Akasema hilo ni la kanisani. Mama yake yeye na mama wa Bibi yetu walitolewa jahazi moja. Walilala mkeka mmoja miaka yote ya misheni, wakashona kanzu pamoja. Juma alikuwa akija kuchukua kola walizoshona, na hivyo ndivyo alivyomwona. Alipomwoa akamhamishia mjini, ukweni hawakutaka tena mambo ya Mbweni, na wale wawili hawakuonana tena. Mama wa Bibi Agnesi alikuwa na mimba wakati huo. Akazaa mtoto wa kike. Kanisani wakamwita Agnesi. Nyumbani mama yake akamwita kwa jina la rafiki yake, jina la huko kwao walikotoka.

"Mie ni somo yake," akasema. "Mwataka jina la bibi yenu, na jina ndilo langu. Wa kunita hivyo wote wamekufa. Sikuwa nataka kumpa mtu nsiyemjua."

Tulikuwa tunalitafuta vitabuni na lilikuwa limekaa mlangoni linakuna nazi.

Kabula.

Mama Mkubwa aliweka mikono miwili usoni. Akasema ndilo. Ndilo hilo. Alilijua mara tu lilipotoka, kama alikuwa nalo siku zote.

Jumatano, 14 Aprili

Hitima. Wanaume ukumbini, sisi ndani, pazia katikati. Bibi Agnesi amekuja kwa gari la shamba, peke yake, kavaa gauni lake la kanisani na kanga juu. Wanawake walimtazama. Mama Mkubwa akamkalisha karibu naye na kumwekea mto, wakaacha kutazama.

Haji akaja kwenye pazia, ametumwa. "Bi Asha mama yake..." Hakumaliza. Mama Mkubwa alishamjibu.

Yule mwanamke aliyeguna siku ile alikuwepo. Akaguna tena. Jina la bara, nyumba ya Kiponda. Sikugeuka.

Wakasoma. Ilipofika dua, chumba kizima kikatulia, na Maalim ana sauti inayosikika. Akaomba kwa ajili ya Asha binti Kabula. Alitaja vizuri, kila herufi.

Na pembeni yangu Bibi Agnesi, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama amesinzia, akaitika. Kwa sauti ndogo, ya mtu anayeitwa na mama yake kutoka chumba cha pili.

"Abee."

Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke nyuma yangu ndiye aliyeanza kulia.

Ijumaa, 16 Aprili

Zamu ya asubuhi. Laini ya Pemba imepona. Mvua.

Nimeandika kwenye msahafu, kando ya mstari wa Juma, kwa wino mweusi: Kabula. Sikuandika zaidi, sijui zaidi. Lini alikufa hata Bibi Agnesi hajui.

Mama Mkubwa hakubakiwa na mtoto wa kike. Kwa hiyo ni mimi. Jioni nikichagua mchele amekaa kwenye kigoda ananiuliza, mama yake Bibi nani? Nikamjibu. Na mie mamaangu nani? Asha. Na wewe? Salma. Baada ya chai akaniuliza tena kutoka mwanzo. Anasema haniamini, kichwa changu kimejaa simu za watu. Mimi pia simwamini. Tumejibizana mpaka mchele ukaisha.

Sukari ya wiki hii nimeigawa nusu kwa nusu. Jumapili nitaipeleka Mbweni.